Jina Lililopanda Juu

Watu wa mtaa wetu wa Gulele hawaogopi mengi. Mbwa wakizidi wanawarushia mawe, polisi wanawapa salamu ndefu mpaka wachoke wenyewe, na maji yakikatika wiki nzima wanasema afadhali, sabuni itadumu. Lakini mwaka ule, mvua zilipokatika tu, walianza kuogopa orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa ya chama cha kuzikana. Kila mtaa una chake, na sisi tunakiita edir. Ukifiwa, chama kinaleta hema, mabenchi, masufuria na wanawake wa kupika. Wewe kazi yako ni kulia tu. Mpwa wa mwenyekiti alituundia tovuti ya chama, akapigiwa makofi, akapata viza, akaenda zake Kanada. Humo majina yetu yalikaa kwa alfabeti, kila mwanachama na watu wake chini yake: mke, mume, watoto, wazazi, wote ambao chama kina wajibu wa kuwalilia. Ukifungua kwenye simu unaliona jina lako mahali pake, unatulia.

Kisha majina yakaanza kupanda.

Wa kwanza alikuwa Tsige muuza mkaa. Herufi yake iko huko mwishoni, lakini asubuhi moja akaonekana juu ya wote. Watu walicheka, wakamwita mwenyekiti mpya, na yeye akacheka pia, akakohoa. Mwezi haujaisha, tukamzika. Akapanda Lemma fundi cherehani, tukamzika naye, suti za watu zikabaki hazina mikono. Akapanda mlinzi wa kanisa. Huyo alipokwenda, hakuna aliyecheka tena. Watu walikuwa wanaifungua tovuti asubuhi kabla ya kunawa uso, na wakishaona kwamba aliye juu si wao, wanavuta pumzi na kuanza kumwonea huruma aliyepo.

Mimi nilikuwa naendelea kucheka. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu zinapoharibika, na nimeona vya kutosha kujua kwamba kitu kinaharibika kwa sababu ya kijinga. Maisha pia yamenitandika kiasi cha kujua kwamba kifo hakihitaji kompyuta ili kikupate.

"Zinash!" Bogale muuza nyama alikuwa akinipigia kelele kila nikipita. "Wewe si ndiye daktari wa mashine? Mwambie huyo malaika apunguze mwendo, wateja wangu wanaisha!"

"Mwuzie yeye nyama basi, labda atakaa kidogo."

Ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, mpaka Jumatano ile alipopanda Etiye Askale.

Askale ndiye mwenye nyumba wangu, na Etiye ni kama kusema shangazi. Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma kwake kwa miaka mingi, hadi mbwa wake alikuwa ananiomba mimi chakula. Mume wake alishafariki. Mtoto wake wa pekee, Surafel, alikuwa na duka dogo huko Afrika Kusini, na picha yake, amevaa koti la kijani na miwani ya jua, ilikuwa inakaa juu ya televisheni, ikitazama kila anayetazama televisheni. Etiye alikuwa na sukari, ya kwenye damu, na dawa zake haziendi bila chakula.

Siku hiyo sikumtilia maanani. Jumatano sisi tunafunga, asipokula mtu hadi alasiri si ajabu. Alhamisi asubuhi nikamkuta uani anaanika netela yake, ile shali nyeupe ya kwendea kanisani. Alikuwa ameifua mpaka inaumiza macho.

"Kuna sikukuu gani, Etiye?"

"Yangu," akasema. "Zinashiye, chukua ile jebena yangu nyeusi. Kahawa yake hutoka nzuri kuliko ya hiyo yako ya sokoni."

"Na wewe utachemshia nini?"

"Huko niendako hawauzi kahawa."

Nikaangusha ndoo. "Etiye, umekula?"

"Baba yangu wa kiroho amekuja jana, nimeungama. Nimekaa vizuri. Usinichafulie tumbo."

"Tangu lini umeacha kula?"

"Tangu nilipoona."

Hakuhitaji kuniambia aliona nini. Simu yake ilikuwa juu ya kigoda, kioo kikiwaka, na jina lake peke yake juu kabisa, likiwa limemwacha hata yule Abate ambaye kwa alfabeti amekuwa wa kwanza tangu azaliwe. Akageuka, akaendelea kubana nguo kwenye kamba.

Nikampigia Gashe Demissew, katibu wa chama. Gashe ni heshima ya mzee, na huyu ana sauti ya kanisani hata akiagiza vitunguu.

"Gashe, nipe ufunguo wa ndani wa tovuti. Nataka niitengeneze hiyo orodha leo."

"Iache, binti yangu. Itajipanga yenyewe."

"Haiwezi kujipanga yenyewe, si kuku."

"Zinash, nimesema iache. Wiki ijayo tutaketi, tutaongea."

"Wiki ijayo tutakuwa tunamzika Etiye Askale. Ameacha kula. Anaamini zamu yake imefika."

Upande wa pili nilisikia redio ya jirani yake tu.

"Hali chakula?" akauliza.

"Hali kitu. Na dawa hamezi."

Akashusha pumzi ndefu, akanitajia maneno ya siri, herufi moja moja. Kisha akasema jambo ambalo lilinikaa shingoni kama unyoya wa kuku: "Tazama mpangilio tu. Usifukue mengine."

Nikaketi chumbani na kompyuta yangu. Nilitarajia kosa kwenye alfabeti, herufi zetu ni nyingi na mashine za wageni huzivuruga kila mara. Lakini alfabeti haikuwa na kosa lolote, kwa sababu haikuwamo. Yule mpwa hakuwahi kupanga kwa alfabeti. Alichoagiza ni kwamba jina lililoguswa karibuni zaidi likae juu. Siku ya kwanza alikuwa ameyaingiza majina yote kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye daftari la zamani, ambalo lilikuwa la alfabeti, basi yakabaki vilevile, hakuna aliyemzidi mwenziwe. Yalisimama kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ila mwanafunzi akiguswa bega tu, anaruka mbele ya mstari.

Ili niwe na hakika nikalifungua jina langu, nikaongeza nukta mwisho wa anwani yangu, nikahifadhi. Nikaufungua ukurasa upya. Zinash Wubet, juu ya wote. Etiye Askale akashuka nafasi ya pili.

Sijamaliza kujipongeza, simu ikalia.

"Zinash!" Ni Bogale, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Umeona?"

"Nimeona. Niwekee kilo moja ya mwisho, isiyo na mfupa."

"Mwanamke, usicheze!"

"Nimejipandisha mwenyewe, Bogale. Nimegusa jina langu. Ndivyo inavyofanya, ukiligusa linapanda. Wewe ulipovunjika mguu, Tsige akiwa bado hai, ulipanda juu hapo, au umesahau?"

Akafikiri. "Kweli nilipanda. Nikadhani ni heshima."

"Na mbona hujafa?"

"Kwa sababu mimi na Mungu tuna mazungumzo."

Kilichobaki nikakimalizia mwenyewe. Tangu mvua zikatike, Gashe Demissew alikuwa ameanza kuandika humo ziara za wagonjwa. Chama kikienda kumwona mtu, yeye anafungua jina lake na kuandika kwamba ametembelewa. Tsige alikuwa na kifua, Lemma alikuwa na ini, mlinzi alikuwa mzee tu. Mtu ambaye chama kizima kimemwendea na machungwa, kwa kawaida haugui mafua tu. Orodha haikuwa inamtabiria mtu. Ilikuwa nyuma ya ugonjwa, inafuata, kama sisi wote.

Nikatoka mbio hadi uani, nimejaa maneno. Etiye alikuwa ameketi kwenye jua, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye kituo cha basi. Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza yote, kuguswa, ziara, machungwa, mguu wa Bogale.

"Umeona sasa? Nimekupita. Mimi ndiye wa kwanza, na sijambo kama punda."

Akanipiga kofi dogo mdomoni. "Usijitaje hivyo!" Lakini macho yake yalikuwa yameanza kurudi nyumbani. Akanisikiliza tena kuanzia mwanzo, akauliza maswali mazuri kuliko ninayoulizwa na wanaonilipa. Akatabasamu. Nikainuka nikamletee kitu cha kula.

"Ngoja," akasema. "Tsige walimtembelea."

"Ndiyo."

"Mimi hawajanitembelea. Siumwi, wanajua siumwi. Nani amenigusa mimi?"

Nikasimama na mguu mmoja mlangoni. Swali lilikuwa dogo na la haki, na mimi, daktari wa mashine, nilikuwa sijalifikiria.

"Kidole cha mtu kimeteleza," nikasema.

"Basi nenda ukaone cha nani. Nitakula ukirudi."

Nikarudi kwenye kompyuta, na ule unyoya shingoni ukaanza kusogea. Tovuti yoyote iliyoundwa kwa akili huweka kumbukumbu ya nani amebadilisha nini, na yule mpwa, kwa makosa yake yote, aliiweka. Nikatafuta Askale. Aliyegusa alikuwa Demissew, Jumanne jioni. Hakuandika ziara. Alikuwa ameshuka chini ya jina, kwenye watu wake.

*Surafel Gebeyehu: marehemu.*

Na chini yake, baada ya muda ambao hata chai isingepoa:

*Surafel Gebeyehu: yu hai.*

Nilijaribu kukitetea kidole cha mzee. Nikasema kimeteleza, akaona, akarekebisha. Vidole vyake ni vinene kweli, nimeviona vikishindwa na kalamu. Nikaanza hata kutunga jinsi nitakavyomtania. Kisha nikafungua ukurasa wa zamu za hema, ambao nilikuwa nimeambiwa nisiufukue. Palikuwa na zamu ya Ijumaa alfajiri. Watu wa kubeba nguzo walikuwa wamepangwa, wanawake wa kupika wamepangwa, maji yamepangwa. Mahali pa jina la mfiwa pameachwa wazi. Ijumaa ilikuwa kesho.

Nikapita mlango wa nyuma ili Etiye asinione uso.

Gashe Demissew alikuwa kwenye ghala la chama, kando ya kanisa, amelitandaza hema chini na anakagua matundu. Aliponiona hakushangaa. Akaketi juu ya turubai.

"Nilikwambia usifukue."

"Lini, Gashe?"

"Jumatatu. Vijana wenzake wa huko Johannesburg walinipigia. Wezi waliingia dukani." Akaufuta uso kwa kiganja. "Nikaandika, ili zamu zijipange. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba hata mama yake anayo orodha kwenye simu. Nikafuta haraka. Nikadhani nimefuta."

"Ulifuta maandishi. Jina likabaki juu."

"Sikujua kwamba kufuta nako ni kugusa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Jumatano Gashe alipita nyumbani, akamsalimu Etiye kwa kumbusu bega mara nyingi kuliko kawaida, akaondoka bila kunywa kahawa. Kwetu habari kama hii haipelekwi kwa simu wala na mtu mmoja. Inasubiri mpaka ndugu wafike, kisha wanakwenda wote pamoja alfajiri, jua halijatoka, kabla mwenyewe hajaanza siku yake. Hiyo ndiyo merdo. Mpaka wakati huo mtaa mzima unaweza kujua, na mtaa mzima utakuuliza umeamkaje.

"Mbona hamkuniambia mimi? Ninalala ukuta mmoja naye."

"Ndiyo sababu. Una mdomo mzuri, Zinash, lakini uso wako ni dirisha." Akaukunja ukingo wa hema. "Dada yake anatoka Gondar, basi lake linaingia leo jioni. Bila dada yake hatuwezi. Nani atamshika?"

"Mpelekeeni leo. Sasa hivi. Hajala tangu jana."

"Ndiyo maana haiwezekani leo." Sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka, ilibaki ya mzee tu. "Mtu asiyekula, mwenye sukari, umwambie neno kama hilo? Utamwua, na hiyo orodha yako itakuwa imesema kweli. Nenda ukamlishe, binti yangu. Akishasikia, hatagusa chakula kwa siku nyingi. Mlishe leo, ale chakula cha leo na cha keshokutwa. Ameze dawa, alale. Hiyo ndiyo kazi yako, sisi yetu ni kesho."

"Nimwambie nini?"

"Mchekeshe. Si ndiyo unayoijua?"

Nilirudi polepole, nikinunua njiani vitu ambavyo vilikuwa nyumbani tayari. Bogale akaniita, nikamtupia neno, sikumbuki neno gani, akacheka. Nikajua mdomo unafanya kazi. Uso nikauosha bombani kwa jirani.

Jioni nikapika shiro nzito, ule mchuzi wa unga wa dengu, na vitunguu vingi, vile anavyopenda, nikaimwagia siagi yenye viungo mpaka ikang'aa juu. Nikatandaza injera, mkate wetu mwembamba, kwenye sinia, nikamwekea mbele. Taa ilikuwa inawaka juu ya televisheni. Nikaketi kwa namna ambayo ile picha yenye koti la kijani ilikuwa nyuma ya mgongo wangu.

"Umemwona aliyenigusa?"

"Nimemwona. Gashe Demissew na vidole vyake vya ndizi. Alikuwa anamtafuta Askalu wa kule mtoni, yule mgonjwa wa miguu, aandike ziara. Akakubonyeza wewe. Akaona, akafuta. Nimemgombeza mpaka akajificha ndani ya hema."

"Ndani ya hema?"

"Alikuwa analikagua. Lina matundu, kama akili yake."

Hakucheka. Alikuwa ananitazama vile anavyotazama muuza pilipili sokoni, pilipili ikiwa nyekundu kupita kiasi.

"Zinashiye. Mimi nimezaa, nimezika, mtu akinificha kitu najua. Kama ni ugonjwa, kama ile hospitali walimwambia Demissew jambo kuhusu damu yangu, niambie."

"Hakuna ugonjwa, Etiye. Huendi popote."

"Sina kifo kinachonijia?"

"Kifo chako hakimo humo. Nimetazama mwenyewe."

"Apa."

"Naapa."

"Si hivyo. Apa kama watu. Sema, Surafel afe, kama nakudanganya."

Kila mama mtaani kwetu anaapa hivyo, mara kumi kwa siku, juu ya bei ya nyanya. Neno lenyewe ni jepesi. Nililiangalia sinia. Mvuke ulikuwa unapungua juu ya shiro, na nilijua nikikaa kimya kwa muda wa pumzi mbili atainuka, atakwenda kulala na tumbo tupu, na alfajiri watamkuta hivyo. Na nilijua pia kwamba nikilisema, hakuna kinachoweza kunipata mimi, wala kumpata yeye niliyemtaja.

"Surafel afe," nikasema, "kama kwenye damu yako kuna jambo wamenificha."

Akavuta pumzi. Akafanya ishara ya msalaba. Halafu akamega injera, akachota shiro, na tonge la kwanza, kama ilivyo desturi, akalileta kwenye mdomo wangu mimi. Nikafungua. Likaingia kubwa, la upendo, likanijaza mashavu, na nikashukuru kwamba kulikuwa na sababu ya macho yangu kulengwa machozi.

"Pilipili?" akauliza.

"Umenisindilia kama gunia."

Hapo akacheka. Akaanza kula. Alikula kama mtu aliyetoka safari, akasafisha upande wake wa sinia, akahamia upande wangu. Akameza dawa zake. Akasema netela haikufuliwa bure, Jumapili ataivaa. Akasema jebena nimrudishie, nisijifanye nimesahau. Akasema Surafel akipiga simu lazima amsimulie, jinsi mama yake alivyotaka kufa kwa sababu ya kidole cha Demissew. Atacheka huyo mpaka aangushe simu.

"Niongeze," akasema.

Nikamwongeza. Nikamwambia amalize, nyingine ipo jikoni.

Alipoanza kusinzia nikamfunika miguu, nikatoka uani. Nililiendea geti, nikalivuta komeo taratibu mpaka likaachia, nikalirudishia bati lake liegemee tu, ili wakija alfajiri wasihitaji kugonga.

"Zinashiye," akaita kutoka ndani, sauti imeshiba, nzito kwa usingizi. "Geti umefunga?"

"Nimefunga, Etiye. Lala."